Viza ya Siku Thelathini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimsaidia Mama kufungua kibanda chake cha nafaka sokoni Majengo. Nilifagia, nikapanga madebe ya uwele, mtama na karanga, kisha nikamtafutia bambo lake. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Ukilichoma ubavuni mwa gunia, linakuletea punje za ndani. Mama yangu, Anyesi, hanunui gunia bila kulichoma mara tatu: juu, katikati na chini. Akikuta mchanga au makapi, humwambia mwenye gunia maneno ambayo humfanya afunge mzigo wake kimya na kuondoka.

Nayasema haya mapema ili uelewe nilivyoshangaa baadaye. Mwanamke huyo, ambaye hakuna mkulima wa Bahi aliyewahi kumdanganya hata kilo moja, alimkabidhi mtu asiyemjua mwanawe wa kwanza kwa sababu karatasi zilikuwa na mihuri. Mihuri mitatu, ya buluu.

Mwenye mihuri hiyo alijiita Meneja Ernest. Alikuja Dodoma mwezi wa Oktoba, wakati ambapo hata mbuzi wanatafuta kivuli, naye amevaa suti nzito na tai, anajifuta jasho kila baada ya maneno matatu. Alikuwa na simu mbili za bei mbaya, na sikuwahi kusikia hata moja ikiita. Alisema yeye ni wakala wa kampuni kubwa katika nchi moja ya Ghuba, na anatafuta mafundi. Sasa nikimkumbuka namwona kama alivyokuwa, kitu kidogo ndani ya suti kubwa. Wakati ule nilimwona kama waziri.

Kaka yangu Lameck alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kukamua alizeti. Ana umri wa miaka ishirini na sita, ana cheti cha chuo, na tangu baba yetu afariki ndiye aliyekuwa akinilipia sare na madaftari. Alikuwa mtu wa maana mpaka alipokutana na Meneja Ernest. Huyo alimwambia, "Kule hutaitwa kibarua. Utaitwa mtaalamu wa kigeni. Utapewa nyumba, gari la kampuni, na tiketi ya kurudi likizo kila mwaka."

Kuanzia siku hiyo hatukuwa na kaka nyumbani, tulikuwa na mtaalamu wa kigeni. Ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokula tangu anyonye, ghafla ulimletea kiungulia. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Jirani akimwuliza habari za kazi, alijibu, "Hapa napita tu." Nilimcheka kwa siri, lakini sikumcheka sana, kwa sababu alikuwa ameniahidi kompyuta mpakato kwa mshahara wake wa kwanza.

Nami, kwa upumbavu wangu, niliitangaza kompyuta hiyo darasa la sita zima kana kwamba iko mezani. Rafiki yangu Paulina aliomba awe wa pili kuigusa. Nilimwambia nitafikiria.

Ukoo nao haukubaki nyuma. Mjomba Matonya wa Bahi alichinja ng'ombe wa kumuaga Lameck. Watu walikula, walicheza ngoma, wazee wakamwekea mkono kichwani wakamtakia safari njema. Kwetu, mtu akishaagwa kwa ng'ombe, ameagwa. Kumkuta wiki ijayo anapita njiani na ndoo ya maji ni jambo la kuchekwa mpaka na watoto. Lameck alilijua hilo, na Meneja Ernest alilijua vilevile, maana alikuja kwenye sherehe na kula kuliko wenyeji.

Safari ilipangwa Ijumaa. Jumatatu mchana, nilipotoka shule, Meneja Ernest alikuwa kibandani kwetu amekalia gunia. Lameck alikuwa kazini, na Mama alikuwa ametoka kukagua mzigo. Meneja alinipa bahasha na kusema, "Mtoto, kimbia steshenari ukanitolee kopi. Mbili mbili. Na karatasi za watu wazima hazisomwi njiani."

Asingesema hivyo, pengine nisingesoma.

Pale steshenari mashine ilitoa kopi mbaya, hafifu upande mmoja, na mwenye duka akazitoa upya. Zile mbaya nilizichukua, kwa kuwa nyuma ya karatasi kama hizo ndiko tunakofanyia hesabu. Wakati nasubiri, nikasoma. Ya kwanza ilikuwa viza ya Lameck. Iliandikwa kwa Kiingereza, somo ambalo ninalipata vizuri kuliko yote. Aina ya viza: matembezi. Muda: siku thelathini. Chini, kwa herufi ndogo, ilisema kuwa mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi yoyote, iwe ya malipo au isiyo ya malipo.

Ya pili ilikuwa mkataba. Ukurasa mmoja ulikuwa wa Kiingereza, umesema fundi umeme, na ule mwingine ulikuwa wa Kiarabu, mrefu zaidi, wenye mistari mingi. Sahihi ya kaka yangu ilikuwa chini ya ule wa Kiarabu. Kaka yangu hajui hata herufi moja ya Kiarabu.

Nilielewa. Nataka niseme wazi, kwa sababu watu wengi wakifika hapa husema hawakuelewa. Mimi nilielewa kwamba mtu haendi kufanya kazi kwa viza ya matembezi. Kisha nikaifikiria kompyuta, nikamfikiria Paulina atakavyocheka, nikajiambia kwamba watu wazima wanajua wanachofanya. Nilikunja zile kopi mbaya nikazitia ndani ya daftari la hisabati. Nzuri nikampelekea Meneja Ernest, akanipa soda. Nikainywa.

Jumanne Lameck alipeleka barua ya kuacha kazi. Alirudi nyumbani saa kumi jioni amevaa ile miwani yake. Testa, koleo na mkanda wake wa kazi alikuwa amemgawia fundi mwenzake anayeitwa Obedi. Alisema, "Kule vifaa vinatolewa na kampuni. Vya kwangu ningevipeleka wapi, makumbusho?" Mama akacheka. Mimi nikalisukuma daftari la hisabati chini ya mkoba wangu.

Lazima sasa nimtaje Mzee Abubakari. Yeye ni mtu wa Kondoa, anauza asali na vitunguu swaumu kibanda cha tatu kutoka chetu. Aliwahi kuishi Ghuba miaka tisa akiendesha gari la mizigo, na alirudi na sanduku moja tu la nguo. Kwa ajili hiyo soko zima lilimdharau. Watu walisema aliyekaa Ulaya au Uarabuni akarudi bila hata baiskeli huyo ana kasoro. Mama naye alisema hivyo, na mimi nilisema kama Mama. Mtu pekee Majengo yote aliyeijua nchi ile kwa macho yake hakuulizwa na mtu hata swali moja.

Jumatano mchana alipita mbele ya kibanda chetu, akamsalimia Mama, kisha akauliza taratibu, "Mama Lameck, viza ya kijana ni ya kazi au ya matembezi?"

Wanawake wa jirani waliangua kicheko. Mama akajibu, "Mzee Abubakari, kama wewe bahati ilikupita, usimtie mwanangu mkosi."

"Siyo mkosi, mama. Mimi niliingia kwa ya matembezi. Wakala aliniambia itabadilishwa ndani ya wiki moja. Haikubadilishwa. Mwezi ulipoisha nikawa mhalifu bila kuiba. Mwenye kampuni alikuwa na pasipoti yangu kabatini, na nikidai mshahara ananiuliza kama nataka aite polisi. Ile miaka tisa mnayoisikia, mitano nilikuwa najificha."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaenda zake kwenye asali yake. Mama alibaki anasonya. Mimi nilitazama daftari langu la hisabati juu ya meza, na kwa mara ya kwanza niliona haya, haya ya kweli, inayopanda mpaka masikioni.

Nilimfuata. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa zile kopi.

Alizisoma akiwa amesimama. Alipofika ule ukurasa wa Kiarabu alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akausoma upya kwa kidole.

"Hapa hakuna fundi umeme," alisema. "Hapa pameandikwa mpakiaji wa mizigo ghalani. Miaka mitatu. Mshahara ni chini ya nusu ya ule wa Kiingereza. Pasipoti inakaa kwa mwajiri. Na akiacha kazi kabla ya muda, yeye ndiye anayelipa fidia." Akanitazama. "Umezipata lini?"

"Jumatatu."

Hakunisema. Alifunga kibanda chake, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha, akasema, "Twende kwa mama yako. Kaka yako aitwe."

Lameck alikuja akiwa na miwani. Mzee Abubakari akasoma karatasi mstari kwa mstari, kwanza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili. Nilidhani kaka angeshtuka. Badala yake alivua miwani, akaishika mkononi, akasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Hata kama ni hivyo, nitakwenda."

"Utakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Mama, nimeshaagwa. Ng'ombe wa Mjomba ameliwa. Kazi nimeacha, vifaa nimegawa. Nitapita wapi hapa mjini? Bahi nitaingiaje? Heri nikabebe magunia ambako hakuna anayenijua."

"Yaani utafungwa nchi ya watu kwa kuona haya watu waliokula nyama?"

"Meneja alisema viza itabadilishwa."

Mama akachukua bambo, akalishika mbele ya uso wake mwenyewe, si wa Lameck. "Mimi gunia la uwele nalichoma mara tatu," alisema. "Wewe nimekutoa bila kukuchoma hata mara moja. Yule bwana alinionyesha muhuri nikafumba macho. Mjinga wa kwanza humu ndani ni mimi, kwa hiyo wewe usigombanie nafasi hiyo. Pasipoti yako iko wapi?"

"Anayo yeye. Alisema tutapewa uwanja wa ndege."

"Kesho asubuhi tunakwenda ofisi ya kazi," akasema Mzee Abubakari. "Wana orodha ya mawakala wote wenye kibali."

Kila mmoja aliona aibu yake. Tunaishi Dodoma. Wizara zote zimehamia kwetu, watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kuuliza mambo yao, na sisi tulioweza kwenda kwa bajaji na kurudi kabla ya chakula cha mchana hatukuuliza. Tulimwamini jamaa anayetoka jasho.

Alhamisi Mama aliniombea ruhusa shuleni, akaniambia, "Wewe ndiye uliyeziona karatasi, utasema mwenyewe." Tulipokelewa na afisa kazi mmoja, Bi Josephine, mama mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alisikiliza, akatafuta jina la kampuni ya Meneja Ernest kwenye orodha yake, akatafuta tena kwa herufi nyingine. Halikuwepo.

"Mnaishi wapi?" akauliza.

"Majengo," Mama akajibu.

"Majengo ya hapa?" Alichukua kalamu nyuma ya sikio. "Juzi nimempokea baba kutoka Busi, kule Kondoa. Ameamka alfajiri, amebadilisha magari mawili, kuja kuuliza swali moja kuhusu mkataba wa binti yake. Ninyi mmeniletea mkataba ambao kijana ameshautia sahihi."

Lameck alikuwa anasoma sakafu.

Bi Josephine akamgeukia. "Nisikilize, fundi. Anayekwenda kufanya kazi nje anatoka hapa na viza ya kazi mkononi. Hakuna viza ya matembezi inayogeuzwa huko mbele, hayo ni maneno ya matapeli. Mkataba unausoma kwa lugha unayoijua, na sisi tunaukagua kabla hujaweka sahihi. Lugha zikiwa mbili, lazima ziseme kitu kimoja. Pasipoti ni yako, haikai kwa wakala wala kwa mwajiri. Kuna watu wamekwenda kihalali na wanafanya kazi vizuri, siwezi kukuambia usiende kokote. Lakini kwa karatasi hizi usingekuwa mtaalamu wa kigeni. Ungekuwa mzigo unaobeba mizigo."

Alipiga simu polisi. Saa sita tulikuwa mbele ya nyumba ya wageni aliyofikia Meneja Ernest: Bi Josephine, askari wawili waliovaa kiraia, Mama, Lameck, Mzee Abubakari na mimi. Meneja alikuwa ukumbini anakula kuku wa kukaanga. Koti la suti alikuwa amelivua, na bila koti shati lake lilikuwa limechanika kwapani.

"Naomba kibali chako cha uwakala," Bi Josephine akamwambia.

"Kibali kiko makao makuu."

"Makao makuu yako wapi?"

Meneja alifuta mikono, akasema kuwa yeye anajuana na wakubwa na kwamba tutajuta. Akachukua simu ya kwanza, akapiga, haikupokelewa. Akachukua ya pili. Hiyo nayo wakubwa hawakupokea. Askari akamwomba afungue begi lililokuwa chini ya meza. Alikataa, kisha akaomba maji, kisha akasema begi si lake. Lilipofunguliwa zilitoka pasipoti kumi na moja zilizofungwa kwa mpira mmoja. Za vijana wa Bahi, za Kondoa, na ya kaka yangu.

Nilimtazama vizuri mtu yule aliyeiweka familia nzima mfukoni. Alianza kulia. Alimwita Mama "mama yangu", akasema naye ana watoto. Mama hakumtukana, na kwa jinsi ninavyomjua Mama, hiyo ndiyo dharau kubwa kuliko zote. Alimtazama kama anavyotazama makapi chini ya ungo, akageuka, akamwambia Lameck achukue pasipoti yake kwa mkono wake mwenyewe. Askari wakaiandika kwanza, wakampa. Ada ambayo Mama alikuwa amemlipa Ernest kwa ajili ya safari hatukurudishiwa yote, na kesi bado inaendelea.

Ijumaa, siku ambayo Lameck angepanda ndege, alikwenda kiwandani kuomba kazi yake. Nilikwenda naye mpaka getini. Alikaa ndani muda mfupi. Alipotoka alikuwa anatembea taratibu.

"Nafasi imeshajazwa," akasema. "Tangu Jumatano asubuhi. Wamempa Obedi. Meneja wa kiwanda amesema ningerudi Jumanne jioni ile ile, angeichana ile barua. Sasa atanichukua kibarua wa kubeba magunia ya alizeti, mpaka nafasi ipatikane."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwambia tarehe niliyosoma zile karatasi, maana Mzee Abubakari alikuwa ameniachia mwenyewe jambo hilo, na hata kule ofisini Bi Josephine hakuniuliza siku. Tulitembea mpaka sokoni. Pale kibandani, mbele ya Mama na Mzee Abubakari, nilisema.

"Kaka, mimi nilijua Jumatatu. Niliisoma viza steshenari. Nilijua kabla hujapeleka barua."

Lameck alinitazama. Ningefurahi kama angenipiga. Alikaa juu ya gunia akaweka viganja usoni, na Mama akaacha kupima karanga.

"Kwa nini hukusema?" Mama akauliza.

"Nilitaka kompyuta."

"Yule tapeli alikuwa na sababu ya kunyamaza," Mama akasema. "Ndiyo kazi yake, ndiyo chakula chake. Wewe ni damu ya Lameck, na ulinyamaza kwa kitu ambacho hata hakijatengenezwa. Sikupigi, Sidonia. Lakini nakuambia, na ulishike hili mpaka uzeeke: ukiona karatasi ya mtu ina uongo, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama itakuharibia wewe. Zile siku mbili ulizokaa kimya ulikuwa unamfanyia kazi Ernest, tena bila mshahara."

Mzee Abubakari aliitikia kwa kichwa. "Na mimi niliona suti yake wiki tatu zilizopita," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnanicheka. Somo hilo, binti, si lako peke yako."

Jumatatu nilisimama darasani kabla mwalimu hajaingia, nikawaambia Paulina na wengine kwamba kaka yangu hakusafiri, kwamba hakuna kompyuta, na kwamba karatasi za uongo nilizisoma mapema nikanyamaza. Walicheka, kama nilivyojua watacheka. Saa hiyo hiyo Lameck alikuwa kiwandani, gunia la kwanza begani.